Venye Mathe wa Omena Alikataa Apu Yangu

Kitu ya kwanza kukataa apu yangu haikuwa mathe mwenyewe. Ilikuwa kidole yake.

Nilikuwa nimempea simu, apu iko wazi kwa ukurasa wa kwanza, batani ya kijani imekaa hapo katikati imeandikwa "Uza Omena". Akabonyeza. Zii. Akabonyeza tena, sasa na nguvu, venye mtu hubonyeza kengele kwa geti ya msee ako na deni yake. Zii tena. Kidole ilikuwa imelowa maji ya ziwa, na juu ya hayo maji kuna zile magamba ndogo ndogo za omena zinang'aa kama glita ya harusi. Simu haikujua kuna mtu. Akapanguza skrini na kona ya leso, ikawa mbaya zaidi, sasa kuna ukungu ya mafuta ya samaki. Akainua simu juu, jua ndio hiyo inachomoka nyuma ya milima ya Gembe, akaona sura yake tu kwa kioo. Akanirudishia.

"Nyathina, mtoto wangu," akasema, "hii simu haijawai fika kwa maji."

Ilikuwa kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Mbita, maboti ya usiku ndio yanaingia. Wamama walikuwa kama ishirini hivi, makarai kichwani, makarai mkononi, na wote waliskia. Wakacheka. Haikuwa kicheko ya madharau, ilikuwa ile ya watu wamerauka saa tisa na sasa wamepata kakitu ya kuwatoa usingizi. Mimi nimesimama hapo na raba nyeupe. Raba nyeupe kwa bichi ya omena. Najua, usiniambie.

Wacha nijieleze. Mimi ni msee wa Kayole, lakini ocha ya mathe yangu ni Rusinga, so Mbita si ngeni kwangu. Nimevuka hapo nikiwa mtoi, enzi daraja haijajengwa, bado ile barabara ya mawe na udongo walimwaga kwa maji miaka ya 1980 ndio inashikanisha kisiwa na bara. Wazee wa kwetu walikuwa wanailalamikia kila siku. Ati imeziba mkondo, maji haipiti, samaki wamehama, maboti yanazunguka kisiwa mzima kwa sababu hakuna pa kupita. Nilikuwa nasikia kama ngoma ya wazee tu. Ikachukua miongo mitatu hivi, ndio daraja ya kweli ikakam, maji ikapita chini, na boti ikapita. Nimekuja kufikiria sana hiyo story baadaye. Walikuwa wanasema kitu moja, wazi, miaka yote hiyo, na mtu wa kuchora barabara alikuwa mbali.

Sasa hii apu. Mimi na beshte yangu tulikaa miezi tano kwa keja yake, chapo dondo na chai ya rangi, tukiandika code hadi saa nane usiku. Form ilikuwa hivi: mathe wa Mbita anapiga picha ya omena yake, anaweka kilo na bei, msee wa Nairobi ama Kisumu anaona, anaoda, analipa na M-Pesa, mzigo inapanda nduthi, alafu basi ya usiku. Brokas wanabaki wakitoa macho. Tulionyesha mabeshte. Wote wakasema ni moto. "Bro, hapo umeweza." "Hii ni ganji." Mmoja alianza kutuuliza tutanunua gari gani. Nikaanza kuamini. Ni baadaye sana nilijiuliza swali moja rahisi: kati ya hao wasee wote, nani ashawai nunua omena ya kuzidi finje?

Hakuna. Mmoja hata hukataa kuikula juu ya ile jicho yake.

Turudi bichi. Baada ya kidole, mathe akakaa kwa ukingo ya boti akaniambia nimsomee venye imeandikwa. Nikasoma. Jina, namba ya simu, picha, kilo ngapi.

"Kilo ya nani?"

"Kilo tu, Mama. Ya mizani."

"Mizani iko wapi?"

Nikaangalia bichi yote. Hakukuwa na mizani. Omena mbichi inapimwa na karai na ndoo, ikikauka inapimwa na gorogoro ama gunia, na gorogoro yenyewe ina siasa, kuna ya kujaza na kilima juu na kuna ya kukata na mkono. Mteja wake wa Homa Bay anajua mkono yake. Huyo mteja akiskia "kilo" ataanza kushuku. Miezi tano, boss, na hakuna mtu kati yetu alikuwa ameuliza omena inapimwa na nini.

Akaendelea, na hakuwa na haraka. Picha: omena mbichi inapigwa picha saa gani, na ikitoka majini saa ndio hiyo inahesabu? Inafaa ianikwe kwa neti chini kabla jua ipande, ikauke siku moja. Mvua ikinyesha hapo katikati, hiyo si chakula ya mtu tena, ni ya kuku, na bei inaanguka kama jiwe. "Sasa huyu mtu wako wa Nairobi ameona picha ya saa mbili. Saa nane mvua imenyesha. Nani analipa?" Nikasema kuna sehemu ya kubadilisha maelezo. Akaniangalia tu. Bando: yeye ako na kabambe, mulika mwizi, simu inakaa na chaji siku nne. Ya msichana wake ndio ya kuteleza na kidole, na msichana ako boding. Alafu mwezi: mbalamwezi ikiwa kubwa omena haifuati taa, maboti hayatoki, so kuna wiki karibu nzima hakuna kitu ya kuuza. Na kuanzia Aprili hadi Julai uvuvi wa omena unafungwa, samaki wazae. Apu yangu ilikuwa inatuma ujumbe kila asubuhi: "Habari Mama! Una omena leo?" Imagini hiyo ikiingia Mei.

Nilifanya nini? Kile kitu kila developa hufanya. Nilijitetea. Nilisema kidole tutarekebisha. Nilisema mizani ni bei rahisi. Nilisema watu wa India wanafanya hivi. Nilibonga dakika kama ishirini, jasho inatoka, nikimweleza mtu ameuza omena tangu sijazaliwa venye omena huuzwa. Kando yetu kulikuwa na kijana anashona neti, hakuwa hata ameinua kichwa hiyo saa yote. Akasema, "Omera, unauza ama unagombana?"

Nikanyamaza. Si juu nimechanuka, ni aibu tu. Lakini nikishanyamaza ndio mathe akasema ile kitu ilinifanya nisilale.

"Bei najua," akasema. "Bei ya Homa Bay najua, ya Kisumu najua, hata ya Nairobi napigiwa. Shida yangu si bei. Shida ni boti ikifika, nani anapewa samaki."

Kama hujakaa kando ya hii ziwa unaweza fikiria hiyo ni sentensi ndogo. Si ndogo. Samaki ni kidogo kushinda wanunuzi, mwenye boti na wavuvi ndio wanaamua karai gani ijazwe kwanza, na kwa miaka mingi mahali kwingi upande huu kumekuwa na ile mambo inaitwa jaboya, mwanamke analazimika kuwa na mahusiano na mvuvi ndio apate mzigo. Watafiti wameandika juu yake, wafanyikazi wa afya wamepigana nayo juu ya Ukimwi, vikundi vya wamama vimejaribu kununua maboti yao wenyewe ndio watoke kwa hiyo shimo. Mathe hakutaja hilo neno mbele yangu, na mimi ni nani nimuulize. Alisema tu "nani anapewa". Na mimi nilikuwa nimemletea orodha ya bei.

Na si mimi wa kwanza kufikiria bei ndio dawa. Mwaka wa 2009, KMFRI, wale wa utafiti wa bahari na samaki, wakisaidiwa na shirika la kazi duniani, ILO, walianzisha huduma ya SMS inaitwa EFMIS. Unatuma ujumbe ukitaja aina ya samaki na bichi, unarudishiwa bei ya masoko. Na tukisema ukweli wale walikuwa wamefikiria kunishinda mbali: SMS, kabambe inaweza, bando haihitajiki. Bei ni kitu ya maana kwa mtu amekaliwa na broka. Ni vile tu huyu mathe yangu hakuwa amekaliwa hapo. Alikuwa amekaliwa hatua moja nyuma, kwa maji.

Hapo ndio nilianza kushikanisha kitu. Mtu akichana apu yako, ile maneno anatumia mara nyingi inaongea juu ya apu, lakini ile kitu inamuuma iko pahali pengine kwa maisha yake. Wamama wengine walisema "herufi ni ndogo"; hiyo ilikuwa jua na macho. "Itakula bando" ilikuwa ganji ya leo, maana hiyo mbao ya bando ni ya sukari. "Nani analipa mvua ikinyesha" ilikuwa hatari yote nilikuwa nimemwekea yeye peke yake, na mimi na msee wa Nairobi tumekaa mahali pakavu. Ukikimbia kuongeza ukubwa ya herufi umejibu swali la kwanza tu.

Story ya M-Pesa wengi wetu tunaijua upande wa mwisho, ile ya mabilioni. Mimi hupenda upande wa mwanzo. 2005, Vodafone na Safaricom walianza majaribio na wateja mia kadhaa wa Faulu, wale wa mikopo midogo, mahali kama Thika na Mathare. Form ilikuwa watu walipe mkopo na simu. Hiyo tu. Majaribio ikaleta ngori: watu walichukua muda mrefu kufundishika, na ile mikutano ya kikundi, watu wanakutana kulipa pamoja na kuchungana, ikaanza kulegea juu mtu anaweza tuma akiwa kwake. Lakini wale wasee wa mradi, kina Nick Hughes na Susie Lonie, waliangalia watu wanafanya nini na hiyo kitu kando na kulipa mkopo. Wakakuta wanatumiana. Mfanyabiashara anaweka pesa jioni kwa ajenti juu benki imefungwa, anatoa asubuhi. Msafiri anaweka doo akipanda gari na kutoa akishuka, ndio asiibiwe njiani. Mkopo ikawekwa kando. Machi 2007 M-Pesa ikazinduliwa kama njia ya kutuma pesa nyumbani, na hapo ndio ilipata miguu.

Angalia hapo hakuna mtu alikuja na karatasi ya malalamiko akasema "tafadhali badilisheni biashara yenu". Watu walikuwa wanalalamika na mikono. Walitumia kitu vibaya, kulingana na mwenye kitu, na mwenye kitu akakuwa na akili ya kuona ile vibaya ndio kazi yenyewe.

Hapa Mbita kuna kitu kama hiyo, na haina hata code ndani. Omena inavuliwa usiku na taa. Zamani ilikuwa karabai, zile za mafuta ya taa za kupampu, zinakula mafuta usiku mzima, zinachoma mkono, na upepo ikivunja kioo usiku umeisha. 2008, Osram, ile kampuni ya Ujerumani ya taa, ikafungua hapa Mbita kituo cha sola: unakodisha taa ya betri, unaenda nayo majini, asubuhi unarudisha ichajiwe. Baadaye hiyo kazi ikaingia kwa mikono ya WE!Hub na Siemens Stiftung, na siku hizi mbogi inaitwa WeTu, wameongeza hadi nduthi za stima. Niliongea na mvuvi mmoja mzae juu ya hizi taa, nikamuuliza alijuaje ni fiti. Nilitarajia aniambie habari ya mafuta ameokoa, ama moshi. Akasema mvuvi hujaribu taa mpya ikiwa kando ya boti ya jirani ako na ya zamani, alafu asubuhi munalinganisha makarai.

Omena haijui brosha. Inakuja kwa taa ama haiji. Nilikuwa nimewaonea wivu wale wasee wa taa kwa muda, nikifikiria kazi yao ni rahisi, mteja wao ni samaki, hadanganyi kwa adabu.

Juu hapa kwetu mteja wa miguu miwili anadanganya, na anadanganya vizuri, kwa heshima. Hii watu wa Nairobi wanafaa waisikie polepole. Ukienda kwa dani, yaani shosho, wa Rusinga na apu yako umevaa shati safi, umetoka mbali, umekuwa mgeni, hatakwambia ni mbaya. Atakuletea stuli na maji ya kunywa. Ataangalia skrini yote. Atasema, "Ni mzuri, nyathina. Endelea tu." Hiyo "endelea tu" nimekuja kujua maana yake: endelea na barabara, upite. "Tutaona" ni zii. "Itakuwa sawa" ni zii na maombi juu. Mimi nilikuwa nimezunguka Rusinga siku mbili kabla ya hiyo asubuhi ya bichi, nimeandika kwa notibuku yangu watu kumi na saba wamependa. Kumi na saba! Nilikuwa nimehesabu adabu ya watu kama soko.

So yule mathe wa bichi, mwenye alinirarua mbele ya umati, alikuwa amenifanyia kitu wale kumi na saba hawakunifanyia. Alikuwa amechukua dakika arobaini za asubuhi yake, asubuhi ya boti, wakati kila dakika ni karai inaenda kwa mtu mwingine, akaniuliza maswali ya mtu anajaribu kweli kuona kama hii kitu inaweza ingia kwa siku yake. Mtu hana haja na kitu haulizi nani analipa mvua ikinyesha. Anasema ni poa, anaenda.

Lakini pia usinielewe ati kila maneno unameza. Hiyo wiki nilipewa ushauri wa kila rangi. Msee mmoja wa nduthi aliniambia niweke mambo ya kubeti ndani, ati omena na Arsenal ziende pamoja. Kijana wa saiba akasema rangi ya kijani imezeeka, tumia nyeusi. Msomi mmoja, sitasema wa wapi, alinipea saa nzima juu ya venye inafaa iwe na kamera ya kutambua ubora wa samaki. Nikauliza kila mmoja wao kitu moja: mara ya mwisho umenunua ama umeuza omena ilikuwa lini, na nini iliharibika? Wa nduthi akacheka. Wa saiba hajawai. Msomi akarudi kwa kamera. Niliwapenda wote, na nikafunga notibuku.

Kuna mmoja tu alinichanganya, na ni broka. Tulikuwa tumemjenga kwa slaidi zetu kama adui, tumemchora hadi na kofia. Akanipata kwa hoteli nikidishi ngege na kuon, akaketi bila kualikwa. "Umesema unanitoa," akasema. "Poa. Wewe utawapea wamama doo wiki ya mwezi mkubwa, wakati hakuna samaki na mtoto amefukuzwa shule juu ya karo?" Sikuwa na jibu. "Gunia ikinyeshewa kwa lori, utanunua na hiyo hali yake?" Sikuwa na jibu. Alikuwa anatetea mkate wake, sawa, na bei zake nimesikia wamama wakizilia. Lakini malalamiko ya mtu ako na sababu ya kukuchukia bado inaweza kuwa na hesabu ndani yake. Alikuwa ameniambia bure kazi zote broka hufanya zenye apu yangu haifanyi: yeye ni benki, yeye ni bima, yeye ni lori. Ningemlipa mtu wa utafiti hajui hata nusu.

Alilipa ngege yake mwenyewe. Wacha niseme hiyo pia.

Nilirudi Rusinga kwa dani yangu nikiwa chini kabisa. Kwa nyumba yake kuna kapaneli ka sola kwa mabati, ka zamani, kanatoka ule mradi wa icipe na Chuo Kikuu cha Wageningen, SolarMal, kati ya 2012 na 2015. Icipe wako hapo Mbita, ile kituo kubwa ya wadudu imepewa jina ya Thomas Odhiambo. Walikuwa wanataka kupigana na malaria na mitego ya mbu, mtego inavuta mbu na harufu kama ya binadamu, na inahitaji stima kuzungusha feni. Wangeweza kuleta mtego tu. Walileta paneli, mtego, taa mbili na pahali pa kuchaji simu, nyumba kwa nyumba, kisiwa mzima. Malaria ikashuka kama asilimia 30 kwa zile nyumba zilikuwa na mtego. Nikamuuliza dani anakumbuka nini ya huo mradi. Akasema taa. Wajukuu walisoma. Mtego? "Eh, na ile ya mbu pia."

Ningekuwa mimi ndio nimeunda huo mtego, ningeskia vibaya. Lakini nilikaa hapo nje, nikaona venye wale watu walikuwa wamejua kitu: feni itazunguka usiku juu mwenye nyumba ako na haja ya paneli kuwa safi mchana.

So nikafanya kitu beshte yangu bado hajanisamehea vizuri. Nilimpigia nikamwambia tunaweka apu chini. Si kuua, kuweka chini. Akanitusi kidogo. Nikangoja wiki ya mbalamwezi, ile hakuna samaki, wamama wako na saa. Nikaenda bichi na patipati, si raba. Bila lapi, bila simu mkononi. Nikampata mathe yuleyule akirekebisha neti ya kuanika. Nikamsalimia, nikakaa chini, na hii mara nikauliza tu: wiki iliyopita, siku mbaya zaidi ilikuwa gani?

Nilidhani atasema boti. Hakusema boti. Ile mambo ya boti, alisema, ni kubwa kushinda mimi, chama yao iko kwa hiyo, wanachanga pole pole. Siku mbaya ilikuwa Jumamosi. Alikuwa ameuza omena kavu kwa wateja tisa wa kuchukua na deni, wauzaji wadogo wa soko, gorogoro mbili, gorogoro tano. Anaandika kwa kadaftari. Kadaftari kakaingia maji kwa karai. Akakatoa chini ya leso akanionyesha: kurasa zimeshikana, wino ya bluu imekimbia yote, majina imekuwa mawingu. Wateja wanne walikumbuka deni vizuri. Watatu walikumbuka ndogo. Wawili hawakukumbuka kabisa.

"Hiyo ndio unaweza nitengenezea?" akauliza. "Kadaftari hakanywi maji?"

Nikatoa kalamu. Hii mara sikuongea kitu, na usifikirie ilikuwa rahisi, ulimi ilikuwa inanikuna.

Tumeifanya na SMS. Anatuma jina, gorogoro ngapi, bei, kutoka kwa ile kabambe yake ya batani za kubonyeza na kidole yoyote, ya maji ama ya mafuta. Ijumaa jioni anarudishiwa orodha ya nani anadaiwa. Hakuna picha. Hakuna kijani. Wamama sita wako ndani sasa, na kila mmoja analipa kitu kidogo kwa mwezi, pesa ya kweli, na wakilipa ndio nilijua wale kumi na saba walikuwa wamenionyesha nini.

Juzi nilikuwa kwa feri naenda Luanda K'Otieno, upepo inapiga, simu ikaflashiwa. Namba yake. Nikapiga.

"Nyathina," akasema, hata salamu hakuna, "hii kitu yako imeandika wateja wawili kama mtu mmoja. Hao ni Akinyi wawili, wa juu na wa chini. Wa chini amekasirika, ameambiwa ana deni ya wa juu. Na mbona orodha inakuja jioni? Soko ni asubuhi."

Nikatafuta kalamu kwa mfuko. Nikaandika kwa mkono: wa juu, wa chini, asubuhi.

"Endelea, Mama," nikamwambia. "Na ingine?"